Siku Mbili Zilizomfungia Bowles Mlango wa Rufaa

Tarehe 10 Februari 2004, jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho katika jimbo la Ohio, nchini Marekani, alimfungulia mfungwa mmoja mlango wa rufaa uliokuwa umeshafungwa. Mfungwa huyo, Keith Bowles, alikuwa akitumikia kifungo cha kuanzia miaka 15 hadi maisha kwa kosa la mauaji, na ombi lake la kupinga uhalali wa kifungo hicho lilikuwa limekataliwa na mahakama hiyo mwezi Septemba 2003. Siku 30 za kukata rufaa zilimpita. Desemba akaomba afunguliwe muda upya, jaji akakubali, na katika amri yake akaandika kwamba Bowles anaweza kuwasilisha notisi ya rufaa hadi tarehe 27 Februari. Notisi iliwasilishwa tarehe 26.

Kwa yeyote anayeamini maneno ya jaji, Bowles alikuwa amewahi kwa siku moja. Kwa mahakama ya rufaa, alikuwa amechelewa kwa siku mbili, kwa sababu sheria inayomruhusu jaji kufungua muda upya inampa siku 14 tu, na jaji huyu alitoa siku 17. Hesabu ya siku 14 iliishia tarehe 24. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita ikasema haina mamlaka ya kumsikiliza, na mwezi Juni 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaafiki. Jaji Clarence Thomas, akiwaandikia walio wengi, alieleza kwamba muda wa rufaa uliowekwa na Bunge kwa sheria ni suala la mamlaka ya mahakama, na kwamba majaji hawana uwezo wa kubuni msamaha pale ambapo hawana mamlaka. Jaji David Souter, akiungwa mkono na wenzake watatu, aliandika kwamba haivumiliki mfumo wa haki kuwatendea watu namna hiyo.

Nakubaliana na Souter, lakini sipingi muda mfupi wa rufaa. Muda mfupi una kazi yake na nitaieleza. Ninachokipinga ni kuugeuza muda kuwa mamlaka, kwa sababu kufanya hivyo kunamnyima jaji hata nafasi ya kuuliza kwa nini mtu amechelewa, na kunamnyima hata pale ambapo aliyemchelewesha ni mahakama yenyewe. Ili jambo hili lieleweke vizuri ni lazima kwanza kuona saa yenyewe inavyotembea, kwa kuwa wengi wanaofungiwa mlango hawakuwa wakijua kwamba saa ilishaanza.

Kanuni za Mwenendo wa Rufaa za Shirikisho zilianza kutumika mwaka 1968, na Kanuni ya 4 ndiyo inayotaja siku. Katika shauri la madai, mtu aliyeshindwa katika mahakama ya wilaya ana siku 30 za kuwasilisha notisi ya rufaa. Serikali ya Marekani au mtumishi wake akiwa mmoja wa wahusika, siku ni 60, na siku hizo ni za pande zote, hata yule anayeishitaki serikali. Katika shauri la jinai, mshitakiwa ana siku 14 tu, wakati serikali, katika mashauri machache inayoruhusiwa kukata rufaa, ina siku 30. Sijawahi kuona sababu ya kuridhisha ya tofauti hiyo ya mwisho: aliye rumande, ambaye huenda hata simu ya kumpigia wakili wake anaipata kwa zamu, ndiye aliyepewa muda mfupi kuliko wote.

Siku hizo hazihesabiwi tangu mtu alipopata habari ya hukumu. Zinahesabiwa tangu hukumu ilipoingizwa katika daftari la mashauri la mahakama, na hapo ndipo penye mtego. Tuseme hukumu imeingizwa daftarini Ijumaa, tarehe 5 Juni 2026. Siku yenyewe ya kuingizwa haihesabiwi. Siku ya kwanza ni Jumamosi tarehe 6. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zinahesabiwa, isipokuwa siku ya mwisho ikiangukia mojawapo ya hizo, ndipo muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Siku ya 30 ni Jumapili tarehe 5 Julai, kwa hiyo mwisho ni Jumatatu tarehe 6. Asiye na wakili, aliyeletewa nakala ya hukumu kwa posta tarehe 12 Juni, hana siku 30. Siku saba zimeshaliwa kabla hajaifungua bahasha. Akiituma notisi yake kwa posta Alhamisi tarehe 2 Julai, ikapumzika njiani wakati wa sikukuu ya uhuru na kumfikia karani wa mahakama Jumanne tarehe 7, amechelewa. Muhuri wa posta wa tarehe 2 haumsaidii, kwa sababu kinachotazamwa ni siku ambayo notisi ilipokelewa masjala.

Wapo pia wanaosoma mahali kwingine katika kanuni hizohizo kwamba mtu aliyepelekewa hati kwa posta huongezewa siku tatu, wakazijumlisha kwenye zile 30. Siku hizo tatu hazigusi notisi ya rufaa hata kidogo. Ni nyongeza ya muda unaoanza mtu anapopelekewa hati, na muda wa rufaa unaanza na daftari.

Notisi yenyewe si andiko la kutisha. Mfano wake umechapishwa mwishoni mwa kanuni: ni nani anayekata rufaa, anapinga hukumu ipi, anaipeleka mahakama ipi. Huwa haizidi ukurasa mmoja, na hakuna hoja hata moja ya kisheria inayotakiwa kuandikwa humo. Hoja zinakuja baadaye, katika maelezo ya maandishi ambayo mrufani huyawasilisha siku 40 baada ya kumbukumbu za shauri kupokelewa. Ada ni dola 605, lakini kukosa kuilipa siku hiyohiyo hakuiui notisi, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Inapelekwa kwa karani wa mahakama ya wilaya iliyotoa hukumu. Mtu akikosea akaipeleka mahakama ya rufaa, karani wa huko anatakiwa aandike tarehe aliyoipokea na kuirudisha wilayani, nayo itahesabiwa kuwa imewasilishwa tarehe hiyo. Hapo watunga kanuni walimkumbuka binadamu.

Walimkumbuka pia baada ya mkasa wa mwaka 1988. Walalamikaji 16 walikuwa katika shauri moja la madai ya ubaguzi kazini huko California, na katika notisi yao ya rufaa majina 15 yaliandikwa. Jina la Jose Torres liliachwa kwa makosa ya uandishi katika ofisi ya wakili wao. Kichwani kulikuwa na maneno ambayo sisi tungeandika "na wenzake". Mahakama ya Juu ilisema "na wenzake" haimtaji mtu, na Torres akabaki nje wakati wenzake 15 wakiendelea na rufaa. Mwaka 1993 kanuni ikarekebishwa: siku hizi wakili anayewakilisha watu wengi anaweza kuandika "na wenzake" au "walalamikaji wote", ilimradi nia ya kukata rufaa ionekane wazi. Naukumbusha mkasa huo kwa kuwa unaonyesha kwamba kanuni ikishamdhuru mtu kwa namna ya kijinga inaweza kurekebishwa, na mahakama za shirikisho hazikuanguka kwa kurekebishwa huko.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, saa inayowagusa wengi zaidi ni nyingine. Mtu aliyeomba hifadhi, akakataliwa na jaji wa uhamiaji, kisha rufaa yake ikakataliwa na bodi ya rufaa za uhamiaji, ana siku 30 tangu tarehe ya amri ya mwisho ya kuondolewa nchini kupeleka ombi la mapitio. Ombi hilo haliendi mahakama ya wilaya. Linakwenda moja kwa moja katika mahakama ya rufaa ya kanda ambamo jaji wa uhamiaji alimalizia shauri lake. Sheria inayoweka siku hizo haikuweka utaratibu wa kuomba nyongeza. Tena ziko tofauti zinazowakwaza hata mawakili. Mtu akiiomba bodi iufikirie upya uamuzi wake, saa ya kwenda mahakamani haisimami. Mahakama ya Juu ililiamua hilo mwaka 1995. Na kuwasilisha ombi la mapitio hakuzuii kuondolewa nchini. Zuio linaombwa peke yake, kwa hati yake, na mahakama inaweza kulikataa.

Nimeona barua ya kukataliwa ya aina hiyo imebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji, katika nyumba ya familia ya Kikongo, ikimsubiri kijana wa sekondari arudi kutoka shuleni aisome. Baba na mama wanazungumza Kiswahili, Kifaransa na Kibembe, lakini barua ilikuwa kwa Kiingereza cha mahakama. Kijana aliisoma vizuri, akatafsiri neno moja baada ya jingine, na neno ambalo hakulipa uzito lilikuwa lile la tarehe iliyoandikwa juu kulia. Kwake ilikuwa ni siku barua ilipoandikwa. Kwa sheria, ndiyo siku saa ilipoanza. Katika miji kama Portland ya jimbo la Maine, ambako Wakongo wengi waliomba hifadhi, tarehe hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kutafuta bahasha ikifunguliwa, kabla ya kusoma sababu za kukataliwa, kwa sababu sababu zinaweza kusubiri wiki mbili na tarehe haisubiri.

Turudi mahakama ya wilaya, ambako milango midogo ya kuokoa muda ipo. Aliyepitwa anaweza kuomba nyongeza, ilimradi aombe ndani ya siku 30 baada ya muda wa kwanza kuisha, na aonyeshe sababu ya msingi au uzembe unaosameheka. Katika kupima uzembe, majaji hufuata mizani ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1993: upande wa pili umeumia kiasi gani, ucheleweshaji ni wa muda gani, umesababishwa na nini na je ulikuwa ndani ya uwezo wa mwombaji, na kama ametenda kwa nia njema. Ombi hili lina masharti mawili yanayosahaulika. Linapelekwa kwa mahakama ya wilaya, maana mahakama ya rufaa imekatazwa kabisa kuongeza muda wa notisi. Na kusema tu kwamba mtu hakuijua kanuni kwa kawaida hakumsaidii.

Mlango wa pili ni ule aliopitia Bowles. Mtu ambaye hakuletewa taarifa ya hukumu ndani ya siku 21 anaweza kuomba muda ufunguliwe upya kwa siku 14. Lazima aombe ndani ya siku 180 tangu hukumu ilipoingizwa, au ndani ya siku 14 tangu alipopata taarifa rasmi, ipi iliyotangulia. Zikipita siku 180, hata aliyefichwa kabisa habari ya hukumu hana pa kuingilia.

Na upo ule wa tatu, ambao wengi wanaujua nusu. Mtu akiomba mahakama ya wilaya ibadilishe hukumu yake au iendeshe shauri upya, na akaomba ndani ya siku 28 tangu hukumu kuingizwa, saa ya rufaa husimama hadi ombi liamuliwe, ndipo siku 30 zinaanza kuhesabiwa upya. Akiomba siku ya 29, saa haikusimama kamwe. Jaji haruhusiwi kuziongeza siku hizo 28. Mtu anaweza kungoja miezi minne akiamini kwamba rufaa yake iko salama kwa kuwa jaji bado hajajibu ombi lake, kumbe rufaa ilikufa zamani. Ushauri ninaoweza kuutoa ni kuwasilisha notisi mapema hata kama ombi jingine linasubiri uamuzi, kwa kuwa kanuni inaruhusu: notisi iliyotangulia itaanza kufanya kazi ombi likishaamuliwa.

Sasa nifike pale penye kiini cha ubishi wangu. Muda wa rufaa una vyanzo viwili. Baadhi ya siku zimeandikwa na Bunge, katika kifungu cha 2107 cha sheria ya mwenendo wa mahakama. Nyingine zimeandikwa na mahakama zenyewe katika kanuni. Kwa mujibu wa uamuzi wa Bowles, za Bunge ni mamlaka: hazisameheki, upande wa pili hauwezi kuzikubali hata ukitaka, na mahakama lazima iziulize yenyewe hata kama hakuna aliyelalamika. Za kanuni ni utaratibu tu: zinafungamanisha upande wa pili ukizidai, lakini ukinyamaza zinapita.

Tofauti hiyo inasikika kuwa ya wasomi hadi mtu aweke kesi mbili mezani. Mwaka 2015, mwanamke aitwaye Charmaine Hamer alishindwa katika shauri la ubaguzi kazini huko Chicago. Hukumu ilitoka tarehe 14 Septemba. Wakili wake alikuwa akijitoa, akamwombea nyongeza ya muda, na jaji akampa hadi tarehe 14 Desemba, yaani miezi miwili baada ya muda wa kawaida kuisha. Kanuni ya 4 inaruhusu nyongeza ya siku 30 tu, hivyo jaji alivuka mpaka kwa mwezi mzima. Hamer aliwasilisha notisi tarehe 11 Desemba, upande wa pili haukulalamika, mahakama ya rufaa ikaibua suala hilo yenyewe na kuitupa rufaa. Mahakama ya Juu, mwezi Novemba 2017, majaji wote kwa sauti moja na Ruth Bader Ginsburg akiandika, walisema mahakama ya rufaa ilikosea: ukomo wa siku 30 za nyongeza uko katika kanuni na haumo katika kifungu cha 2107, kwa hiyo si suala la mamlaka.

Tazama, basi, matokeo. Majaji wawili wa wilaya walikosea hesabu ya siku. Mmoja alizidisha siku tatu, mwingine alizidisha mwezi. Watu wawili waliamini amri iliyoandikwa na jaji na kuitii, wote wawili wakiwahi tarehe waliyopewa. Aliyezidishiwa mwezi aliokolewa kutoka katika kosa la mamlaka, na aliyezidishiwa siku tatu alifukuzwa bila kusikilizwa. Kilichowatenganisha ni kwamba ukomo mmoja ulikuwa umeandikwa na Bunge mwaka 1991 na mwingine haukuandikwa na Bunge. Hakuna mahali popote katika sheria ambapo Bunge lilisema lilikusudia tofauti hiyo izae matokeo kama hayo. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuieleza kwa mfungwa, au kwa mama aliyelalamikia ubaguzi kazini, bila kuona haya.

Watetezi wa uamuzi wa Bowles wana hoja, na ni hoja nzito. Aliyeshinda shauri ana haki ya kujua ni siku gani anaweza kulala usingizi: nyumba aliyohukumiwa kuwa yake ni yake, fidia aliyopewa anaweza kuitumia. Kama kila aliyechelewa angeruhusiwa kuja na hadithi, mahakama zingetumia nguvu zao kupima hadithi badala ya kuamua rufaa, na wenye mawakili hodari wa kutunga visingizio ndio wangefaidi. Mpaka ulio wazi unamtendea tajiri na maskini sawa. Hayo yote nayakubali, ila moja. Mpaka huo hauwatendei sawa, kwa sababu tajiri ana ofisi ya mawakili yenye programu ya kalenda inayopiga kengele siku 10 kabla, na mfungwa ana kalenda ya ukutani na barua zinazopitia mikononi mwa askari.

Tena hoja ya uthabiti haihitaji neno mamlaka. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba siku 14 za kuomba ruhusa ya kukata rufaa katika mashauri ya kikundi haziongezeki kwa huruma ya jaji, ingawa ni za kanuni na si suala la mamlaka. Muda unaweza kuwa mkali kama wembe na bado ukabaki kuwa utaratibu. Tofauti pekee ni kwamba, ukiwa utaratibu, mahakama inabaki na uwezo wa kusikiliza angalau swali moja: je, ni sisi tuliompoteza mtu huyu?

Mahakama ya Juu yenyewe imekuwa ikiukimbia uamuzi wa Bowles kimyakimya. Mei 2024 iliamua kesi ya Stuart Harrow, mfanyakazi wa Wizara ya Ulinzi aliyesimamishwa kazi bila mshahara kwa siku sita mwaka 2013 na kulalamika mbele ya bodi ya watumishi. Bodi hiyo ilikaa miaka mitano bila akidi, na ilipotoa uamuzi mwaka 2022 iliutuma kwa barua pepe kwenye anwani ya zamani ya Harrow ambayo ilikuwa haitumiki tena. Sheria ya Bunge ilimpa siku 60 za kwenda mahakama ya rufaa, na alipojua zilikuwa zimekwisha. Majaji wote walikubaliana, Elena Kagan akiandika, kwamba siku hizo hazikuwa za mamlaka, na kwamba Bowles inahusu tu rufaa zinazotoka mahakama moja ya shirikisho kwenda nyingine. Juni 2025, katika kesi ya mtu wa Jamaica aliyekuwa akipinga kurudishwa kwao, mahakama hiyohiyo ilisema zile siku 30 za ombi la mapitio la uhamiaji nazo si za mamlaka. Wakimbizi na watetezi wao wasilipokee jambo hilo kama ruhusa ya kuchelewa. Serikali ikiudai muda huo, bado unabana.

Juni hiyohiyo iliamuliwa kesi ya Donte Parrish, mfungwa wa shirikisho aliyedai fidia kwa kuwekwa katika kifungo cha upweke karibu miaka miwili. Shauri lake lilipofutwa, barua ya mahakama ilienda gereza ambalo alikuwa ameshahamishwa, akaipata miezi mitatu baadaye, akaandika notisi ya rufaa papo hapo. Mahakama ya rufaa iliichukua notisi hiyo kama ombi la kufunguliwa muda, mahakama ya wilaya ikafungua siku 14, lakini Parrish hakuwasilisha notisi ya pili, akidhani ile ya kwanza inatosha. Mahakama ya rufaa ikasema hana rufaa. Mahakama ya Juu, Sonia Sotomayor akiandika, ilisema notisi iliyotangulia kufunguliwa kwa muda inahesabika pindi muda unapofunguliwa. Mwaka 1988, kwa moyo huohuo, iliamua kwamba notisi ya mfungwa asiye na wakili inahesabika imewasilishwa siku anapoikabidhi kwa askari wa gereza; mfungwa wa Tennessee alikuwa ameikabidhi yake siku ya 27 na ikafika masjala siku ya 31.

Ukiyapanga maamuzi hayo, Bowles inaonekana kama kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote. Muda wa kanuni si mamlaka. Muda wa Bunge wa kutoka bodi ya watumishi si mamlaka. Muda wa uhamiaji si mamlaka. Umebaki muda wa kifungu cha 2107 peke yake, ambao unamgusa kila raia anayetoka mahakama ya wilaya na shauri la madai mkononi.

Afrika Mashariki nako muda wa rufaa ni mkali. Tanzania mtu ana siku 30 za kuwasilisha notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani, Kenya siku 14, na mawakili wa huko wanajua rufaa ngapi zimetupwa kwa hilo. Lakini Kanuni ya 10 ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania inaipa mahakama hiyo uwezo wa kuongeza muda kwa sababu za msingi, uwe umeisha au haujaisha. Na juu ya kanuni ipo ibara ya 107A ya Katiba, inayozitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina maneno ya namna hiyo katika ibara ya 159. Majaji wa Dodoma na Nairobi wamesema mara nyingi kwamba ibara hizo haziponyi kila ugonjwa, na wako sahihi. Ila hakuna anayewaambia kwamba hawana mamlaka hata ya kuuliza. Katiba ya Marekani haina sentensi ya aina hiyo, na ndiyo maana dawa ya huko lazima itoke Bungeni.

Bunge linaijua njia ya kufika katika kifungu hicho. Mwaka 2011, miaka minne baada ya Bowles, lilikirekebisha kifungu cha 2107 ili kuweka wazi kwamba siku 60 zinamhusu pia anayemshitaki mtumishi wa serikali yeye binafsi kwa jambo linalotokana na kazi yake. Rekebisho hilo lilikuwa zuri. Lakini kifungu kilikuwa wazi mezani, kesi ya Bowles ilikuwa bado mbichi, na hakuna aliyeongeza sentensi ya kumlinda anayeitii amri ya jaji.

Sentensi inayohitajika ni fupi. Iseme kwamba mtu aliyewasilisha notisi ndani ya muda uliotajwa katika amri ya maandishi ya mahakama amewasilisha kwa wakati, hata kama mahakama ilikosea kuuhesabu muda huo, isipokuwa upande wa pili uwe ulimjulisha kosa hilo kwa maandishi kabla muda wa sheria haujaisha. Siku 30 zinabaki 30, siku 180 zinabaki 180, na aliyechelewa kwa uzembe wake mwenyewe hapati kitu. Chini ya sentensi hiyo notisi ya Keith Bowles, iliyopokelewa tarehe 26 Februari 2004, ingekuwa imewahi kwa siku moja, na majaji wa Kanda ya Sita wangelazimika kufungua jalada lake na kusoma kilichomo.